Nani Huwaajiri Waajiri?

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kesi ya ngedere haifai kupelekwa kwa hakimu nyani. Hawakudai kwamba nyani hajui sheria, wala kwamba hawezi kukaa kitini na kuwasikiliza mashahidi kwa utulivu. Walichotuonya ni kwamba nyani na ngedere hula shamba moja, na hukumu ya mahindi yaliyoibwa huwa imekwisha kuandikwa kabla ya shauri kufunguliwa. Katika toleo hili twalitumia onyo hilo kwa jambo linaloigusa kila nyumba katika kaunti za Migori na Homa Bay: namna wakubwa wa utumishi wa umma wanavyopatikana, na maslahi ya nani yanayoketi mezani siku wanapopatikana.

Ndugu msomaji, hali unaijua. Tangazo la nafasi za maafisa wakuu, wakurugenzi au wasimamizi wa kaunti ndogo linapotoka, vijana wa Kehancha, Rongo, Awendo, Oyugis, Mbita na Ndhiwa huanza safari. Mara nyingi hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha KRA kuonyesha kwamba kodi imelipwa, cha HELB kuhusu mkopo wa masomo, cha shirika la kukagua wadaiwa, na kibali cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Baadhi ya karatasi hizo hulipiwa. Mama huuza kuku, kaka hukopa, kijana hupanda matatu na bahasha yake kifuani. Na kabla bahasha haijafika, jina la atakayepata kazi huwa tayari linatajwa sokoni.

Huenda uvumi huo ni wa uongo. Hatuna haja ya kuapa kwamba kila jina linalotajwa sokoni ndilo linalotoka katika orodha. Lakini uvumi haushiki mizizi mahali palipo na mwanga. Unashika hapa kwa sababu ya jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: mwombaji huletewa masharti matano ya kuthibitisha uadilifu wake, ilhali anayemhoji hatakiwi kumwonyesha hata karatasi moja. Mwombaji hajui kama aliyekaa mbele yake ni mjomba wa mshindani wake, ni mshirika wa biashara wa aliyemteua, au ni mtu aliyezunguka na chama kuomba kura. Mtafuta kazi amevuliwa nguo zote. Mgawa kazi amevaa koti na miwani ya jua.

Ugonjwa huu haukuzaliwa pamoja na kaunti. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Bw. Duncan Ndegwa, iliyochunguza muundo na mishahara ya utumishi wa umma, ilikubali kwamba mtumishi wa umma aweza kufanya biashara zake binafsi huku akiendelea na kazi ya serikali. Tangu siku hiyo mtu mmoja aliweza kuwa mnunuzi asubuhi na muuzaji jioni. Aliyetoa leseni alikuwa na duka lililohitaji leseni. Aliyegawa kandarasi alikuwa na lori la kubebea mchanga. Kizazi kizima cha Wakenya kikakua kikidhani kwamba hivyo ndivyo serikali ilivyo.

Likafuata jambo la pili. Wale waliopanga foleni mwaka 1988 hawajasahau mlolongo, ambapo mwenye watu wachache nyuma yake aliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Wengi hawakumbuki kwamba katika mwaka huo huo wa 1988 Katiba ilibadilishwa ili kuwaondolea kinga ya kazi majaji pamoja na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, na haikuwa bahati mbaya. Aliyetaka kuchagua wabunge kwa foleni alitaka pia tume ya ajira inayoogopa simu. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990 kwa kelele za wananchi, wanasheria na makanisa. Na Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Waliodai vyama vingi hawakudai rangi nyingi za bendera. Walidai kwamba asiwepo mtu mmoja ambaye akikohoa, serikali yote inatafuta leso.

Hata Waingereza waliotutawala walikuwa na ugonjwa huu nyumbani kwao. Mwaka 1854 ripoti ya Northcote na Trevelyan iliwaambia waziwazi kwamba ofisi za serikali zimekuwa mahali pa kuwahifadhi watoto wa wakubwa wasioweza kujitafutia, ikapendekeza mitihani ya wazi. Mwaka 1855 ikaundwa tume ya kuisimamia. Walipokuja huku hawakutuletea dawa hiyo. Walituletea chifu aliyeteuliwa na D.C., na D.C. aliyeteuliwa na gavana, na utii ukapanda ngazi wakati haki ikingoja chini.

Katiba ya 2010 ilikusudiwa kuukata mnyororo huo. Ibara ya 75 inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Ibara ya 232 inaweka ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo. Ibara ya 235 ikazipa kaunti mamlaka ya kuajiri watumishi wao wenyewe, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaunda Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti. Maneno ni mazuri, na hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni juu ya mlango aliopitia hakimu. Mwenyekiti na wanachama wa Bodi huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Sheria inataka uteuzi huo uwe wa ushindani, naam, lakini jina la mwisho hutoka mezani kwa gavana. Fedha za kuendeshea Bodi hupitia hazina ya kaunti ile ile. Kisha Bodi hiyo ndiyo inayopendekeza majina ya maafisa wakuu, gavana huchagua miongoni mwao, na bunge la kaunti huidhinisha. Tazama duara hilo, ndugu msomaji: mkono ulioiweka Bodi ndio unaopokea orodha ya Bodi.

Sheria haikuwaacha wanachama wa Bodi bila ngao. Muhula wao ni wa miaka sita usioongezwa, kwa hiyo hawana sababu ya kumbembeleza mtu ili warudi. Hawawezi kufukuzwa ila kwa sababu zilizotajwa na Katiba, na kwa kura za robo tatu ya wajumbe wote wa bunge la kaunti. Kwa maneno mengine, mwanachama wa Bodi anayetaka kusema hapana anaweza kusema hapana, na mshahara wake ukaendelea kuja. Tunalisema hili ili isiwepo kisingizio. Anayeogopa simu leo haogopi sheria. Anaogopa kupoteza kitu kingine ambacho hakikuandikwa katika barua yake ya kazi. Hicho ndicho tunachokiita mgongano wa maslahi.

Na hapa ndipo suala la vyama vingi linaporudi. Homa Bay imechagua gavana wa chama kimoja, ODM, katika chaguzi zote tatu za 2013, 2017 na 2022. Migori ilimchagua gavana kwa tiketi ya chama hicho hicho mwaka 2017 na tena 2022. Wananchi wana haki ya kuchagua wampendaye, na hatuwalaumu. Lakini pale ambapo chama cha gavana ndicho chenye nguvu katika bunge la kaunti, mwakilishi wa wadi anayetafuta tiketi ya uchaguzi ujao huenda akaona ni busara kutomuuliza mteule swali gumu. Twaweza kuwa na vyama vingi katika karatasi ya kura, na chama kimoja katika chumba cha mahojiano.

Tuseme sasa ni nini kinachopotea. Katika sensa ya 2019 Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436. Hao zaidi ya milioni mbili hawaajiriwi na kaunti, na hawatarajii kuajiriwa. Wanachotarajia ni maji, barabara, shule za chekechea na hospitali. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya Ukimwi. Katika kaunti ya namna hiyo, afisa mkuu wa afya si cheo cha kumtunukia mtu aliyeshika kipaza sauti katika kampeni. Udhaifu wake hauonekani siku ya kuapishwa, wakati wa nyimbo na picha. Unaonekana usiku, mama anapofikishwa wodini kwa pikipiki kutoka Nyatike au kwa mashua kutoka Mfangano, na damu haipo, na aliyepaswa kuagiza damu alikuwa akishughulikia zabuni ya shemeji yake.

Mishahara nayo ina mipaka. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na Msimamizi wa Bajeti ameonya mara kwa mara kwamba kaunti nyingi zimekiuka kiwango hicho. Kila anayeingizwa kwa mlango wa nyuma hula sehemu ya dawa na sehemu ya lami. Na mkuu aliyeingia kwa fadhila hawezi kuwazuia wadogo kuingia kwa fadhila, atawaambia nini?

Migori ina somo lake. Agosti 2020 aliyekuwa gavana wakati huo, Bw. Okoth Obado, alifikishwa mahakamani pamoja na wanawe kwa mashtaka ya ufisadi, wakayakana. Mwaka 2025 EACC ilitangaza makubaliano ya kurejesha kwa umma mali za thamani ya zaidi ya shilingi milioni 200. Kumhukumu mtu si kazi ya jarida; ni kazi ya mahakama. Swali letu ni la wote wanaokalia ofisi kubwa, jana, leo na kesho: hati za malipo za kaunti zinapopita mezani, yupo afisa aliyeajiriwa kwa namna inayomwezesha kuirudisha hati na kusema, "Hii siipitishi"? Ibara ya 226 ya Katiba inasema anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atawajibika yeye mwenyewe. Afisa aliyepata kazi kwa ustahili huisoma ibara hiyo na kujilinda. Aliyepata kazi kwa fadhila husoma uso wa bosi wake.

Lipo pia suala la jamii ndogo. Katika Migori, Wakuria wa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi wameishi bega kwa bega na Waluo, pamoja na Waabasuba na wengine. Tangu 2013 naibu gavana ametoka upande wa Kuria, na hilo ni jambo jema. Lakini kiti kimoja cha mbele hakijazi gari. Sheria ya 2012 inaitaka Bodi izingatie kwamba walau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti. Kipimo hicho kinahusu ngazi ya kuanzia tu; huko juu, ambako bajeti hukatwa, macho ya mwananchi ndiyo kipimo. Vivyo hivyo kwa Waabasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi katika Homa Bay. Jamii ndogo haiombi huruma. Inaomba usaili ambao mshindi wake aweza kutajwa pamoja na alama zake bila mtu kuangalia pembeni.

Tunajua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yetu, nasi hatuzikwepi.

Ya kwanza: gavana amechaguliwa na watu, ni haki yake kufanya kazi na anaowaamini. Kweli. Ndiyo maana sheria imemwachia mawaziri wa kaunti, ambao aweza kuwateua kwa idhini ya bunge na kuwaachisha kazi atakapo. Hao huja naye na huondoka naye. Lakini afisa mkuu ndiye anayesimamia idara na fedha zake. Huyo si rafiki wa gavana. Ni mlinzi wa ghala. Hakuna mwenye akili anayemwajiri mlinzi ambaye sifa yake kuu ni kutofunga mlango bosi anapopita.

Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo yenye nguvu zaidi: kwamba Nyanza ilinyimwa kwa miongo mingi, wengine walikula, na sasa ni zamu yetu. Tunaielewa uchungu wake. Wazee wetu wa iliyokuwa wilaya ya South Nyanza waliona watoto wao wenye digrii wakikaa nyumbani kwa sababu jina la ukoo lilisomeka vibaya Nairobi. Hatutaki kulisahau hilo. Lakini tulichopigania kilikuwa nini? Kama tulilipinga jambo lenyewe, basi ni baya hata likitendwa na mtu wa kwetu. Kama tulipinga tu kwamba halikutendwa na sisi, basi waliofungwa na waliokufa katika mapambano hayo walidanganywa. Na tuulizane: mtoto wa mvuvi wa Karungu anayenyimwa kazi na mtu anayezungumza lugha yake, njaa yake ni ndogo kuliko ya yule aliyenyimwa na mgeni?

Basi tunadai nini? Hatuombi sheria mpya. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 iliagiza kila taasisi ya umma iweke daftari la wazi la migongano ya maslahi. Julai 2025 Rais alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyoiondoa ile ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, na kuipa EACC jukumu la kuisimamia. Karatasi tunazo za kutosha kuezekea soko la Homa Bay. Tunachodai ni matendo haya matano, nayo yaweza kuanza kesho asubuhi.

Kwanza, kabla ya kufungua bahasha yoyote, kila mwanachama wa jopo la usaili atie saini tamko linaloeleza undugu, biashara, deni au shughuli za chama zinazomuunganisha na mwombaji yeyote au na mamlaka ya uteuzi. Na tamko hilo libandikwe mahali ambapo orodha ya walioitwa imebandikwa.

Pili, mwenye mgongano atoke chumbani. Asikae kimya kitini akidai hakupiga kura. Macho nayo hupiga kura.

Tatu, Bodi itangaze walioomba, walioitwa na waliofaulu pamoja na alama zao. Sheria inaitaka Bodi itunze kumbukumbu za maombi yote. Kumbukumbu inayofichwa ni sawa na isiyokuwepo.

Nne, mteule yeyote wa ngazi ya juu ataje kampuni zake, za mwenzi wake na za watoto wake zinazofanya biashara na kaunti, kabla bunge la kaunti halijampigia kura. Na kura hiyo ihesabiwe kwa majina ya wajumbe.

Tano, ukaimu usigeuzwe kuwa ajira ya siri. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 iliweka ukomo wa miezi sita kwa anayekaimu. Anayekaimu mwaka baada ya mwaka hana ujasiri wa kazi wala aibu ya kuondoka.

Nawe, ndugu msomaji, usidhani kwamba kazi yako ni kusoma na kutikisa kichwa. Mteule anapoletwa mbele ya bunge la kaunti, sheria ya 2017 inayohusu uidhinishaji huo inamruhusu mwananchi yeyote kuwasilisha kwa karani wa bunge ushahidi wa kiapo wa kumpinga asiyefaa. Ukinyimwa habari kuhusu usaili, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu, na asipojibu, malalamiko yako yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiporidhika na uamuzi wa Bodi, kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Andika. Weka nakala. Nenda na shahidi. Mahakama zetu nazo zimeonyesha kwamba hakuna aliye juu: Julai 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa makatibu waandamizi 50 uliofanywa na Rais mwenyewe. Kama uteuzi wa Ikulu waweza kurudishwa, wa kaunti una miguu gani ya kutorudi?

Kwa wanachama wa Bodi za Migori na Homa Bay tunasema kwa heshima: hatukuwaita wezi. Wengi wenu ni wasomi na wazee mnaoheshimika vijijini kwenu. Mnayo ngao ya sheria ambayo tume ya 1988 ilinyang'anywa. Itumieni. Miaka sita itakwisha, gari la serikali litarudishwa, nanyi mtakutana sokoni na yule kijana wa bahasha. Hatawauliza mlikuwa chama gani. Atawauliza kama bahasha yake ilifunguliwa.

Na kwa wote watakaotafuta kura katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, wa chama chochote, swali la kuwauliza majukwaani ni moja. Msiwaulize watatuajiri wangapi, maana hiyo ni ahadi ya mgema kwa mlevi. Waulizeni: watakaotuajiri mtawapata kwa njia gani, nasi tutaionaje? Asiyekuwa na jibu la swali hilo ametafuta shamba, si kazi. Na mahindi ni yetu.